Kichwa cha gia cha Hilux ya Mama

Boom la mwaka jana lilipotoka, wenzangu bwenini walinunua viatu na simu. Mimi nilinunua kichwa cha gia. Mnakijua: lile dubwana dogo la kushika juu ya liva unapobadili gia, wengine wanaita nobu. Changu kilikuwa cha alumini, kifupi, kinang'aa kama sufuria ya harusi. Nilikitoa kwenye duka la spea hapa Chuga kwa shilingi 25,000. Na gari sina. Gari ni la Mama.

Mama ana Hilux ya zamani, manyuo, gia tano. Jumatano na Jumamosi anateremsha ndizi kutoka kwetu Akheri hadi soko la Tengeru, na akirudi anapandisha pumba na mbolea za majirani. Sasa, huku kwetu usukani uko kulia, maana yake kazi yote ya gia ni ya mkono wa kushoto. Na ni mkono huo huo wa Mama ulioanza kuuma, chini kabisa ya kidole gumba pale kinapoungana na kiganja. Hospitali walimwambia maungio yameanza kuchakaa. Mwezi wa sita na wa saba, Meru ikijifunika mawingu wiki nzima, alikuwa anavingirisha kanga kwenye kichwa cha gia ndipo akishike. Kile kilichokuja na gari kilikuwa chembamba, raba yake imelika, na namba za gia zilifutika zamani hata sikuwahi kuziona.

Basi nikaona nimletee zawadi ya kishua. Alikitumia wiki moja. Jumapili akanirudishia mkononi: "Asante mwanangu, lakini hiki kinauma kuliko cha kwanza."

Niliumia, siwezi kuficha. Lakini ndipo nilipojiuliza kwa mara ya kwanza swali ambalo mtu anatakiwa kujiuliza kabla ya kununua: kichwa cha gia kinafanya kazi gani hasa? Kwenye maegesho ya chuo utakuta vya fuvu, vya dadu, vya mpira wa pool, na wenye navyo watakuambia "gia zinaingia fasta". Wengine wanasema kweli bila kujua kwa nini, na wengine wanajidanganya tu.

Liva ya gia ni wenzo, ule ule wa fizikia ya sekondari. Egemeo lake liko chini huko, karibu na gia boksi. Mkono wako uko juu. Kadiri mkono unavyokuwa mbali na egemeo, ndivyo unavyotumia nguvu kidogo, ila unasafiri mbali zaidi. Tuseme kutoka egemeo hadi katikati ya kiganja ni sentimita 40. Ukiweka kichwa kifupi, mkono ukashuka sentimita 3, nguvu unayotakiwa kusukuma inapanda kwa kama asilimia 8. Ukiweka kirefu, mkono ukapanda sentimita 2, inashuka kama asilimia 5. Asilimia 8 kwa kijana ni kitu gani? Si kitu. Lakini siku moja nilikaa pembeni ya Mama nikahesabu: kutoka nyumbani hadi sokoni alibadili gia mara 38. Kwa kidole gumba kinachouma, mara 38 kwenda na zaidi kurudi, maana kurudi ni mlima.

Kwa hiyo ile "gia fupi" wanayoisifu vijana ni kweli ipo: mkono unasafiri kidogo. Unailipia kwa nguvu.

Halafu kuna uzito. Ndani ya gia boksi kuna ringi za shaba nyeusi au shaba nyekundu iliyochanganywa, kazi yake ni kusawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijaumana. Ukisukuma liva, unaisubiri ile ringi kidogo. Kichwa kizito kikishaanza kwenda, kinaendelea kwenda chenyewe, kinakusaidia kuvuka hapo, na ndiyo maana kinahisiwa laini. Ila hakitibu ringi iliyokwisha. Na kama gari lako lina ule ugonjwa wa gia kuchomoka kwenye mashimo, kichwa kizito kinaongeza ugonjwa, kwa sababu kila gari linaporuka nacho kinavuta liva. Barabara zetu za juu mnazijua.

Hapo hapo niseme jambo ambalo fundi yeyote wa Unga Limited atakuambia bure: usipumzishe mkono juu ya kichwa cha gia ukiwa unaendesha. Chini kuna uma unaosukuma gia, na uma huo umekusudiwa kuguswa kwa sekunde moja tu, si safari nzima. Mkono wako ukilala pale juu, uma unasuguana na kinachozunguka, unalika pole pole.

Na baridi je? Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko mbao. Saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba, alumini haina baridi kuliko mbao, zote zimelala usiku mmoja ndani ya gari moja. Tofauti ni kwamba alumini inanyonya joto la kiganja chako haraka haraka, mbao inanyonya taratibu. Kwa kiungo kinachouma hiyo ni tofauti kubwa. Mchana gari likianikwa juani sokoni mambo ni yale yale, ila kinyume: alumini inakuunguza.

Kwa hiyo nikawa na orodha yangu kichwani. Kiwe cha mbao. Kiwe kinene, ili Mama asibane kwa vidole bali asukume kwa kiganja. Kiwe juu kidogo kuliko cha mwanzo. Unene nilipima kwa njia ambayo nilichekwa nyumbani: nilichukua donge la ugali wa kiporo, nikamwambia Mama alishike kama anaingiza gia ya tatu. Likabaki na umbo la mkono wake, kama parachichi dogo lililolala, upana sentimita 5 na nusu. Nikalipiga picha na kulipima kabla kuku hawajaliona.

Mbao nilipata kwa Babu jirani. Alikuwa anang'oa mibuni ya zamani apande parachichi (mbuni mti, siyo yule ndege) na visiki vyake vimekaa mwaka mzima chini ya dari la jiko. Mbuni ni mti mgumu, rangi yake kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, nyuzi zake zimebanana, hauchomi mkono kwa vibanzi. Wengine mtapenda mpingo. Mpingo ni mzuri sana, mzito hadi unazama majini, na wachongaji wana vipande vidogo vinavyobaki. Ila vumbi lake huwasha ngozi na kifua, usiukwangue bila kuziba pua, na msasa wake ni kazi ya siku mbili.

Mti wowote utakaotumia, uwe umekauka, na usichonge kipande chenye kiini katikati. Mti ukikauka hunywea zaidi kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kutoka kiini kwenda nje. Kipande cha duara chenye kiini hakina pa kukimbilia, lazima kipasuke. Chukua kipande cha pembeni ya kiini. Ndiyo maana kisiki kinene kinafaa na tawi halifai.

Sasa tuje kwenye uzi, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu gari, na mimi nilikaribia.

Kichwa cha gia hufunguliwa kama nati: shika liva kwa mkono mmoja, zungusha kichwa kinyume cha saa. Kama kimeganda, kifunge kitambaa cha maji ya moto dakika chache. Usikivute juu kwa hasira. Chini yake utaona ncha ya liva yenye uzi kama bolti. Ya Hilux ya Mama ni unene wa milimita 12. Nikasema, basi nati ya milimita 12 itaingia. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua. Ikazunguka mara moja, ikakaza. Nikafikiri ni kutu. Namshukuru Mungu sikuwa na spana ndefu.

Kumbe bolti ina vipimo viwili: unene wake, na umbali wa uzi mmoja hadi mwingine. Nati ya kawaida ya dukani yenye milimita 12 ina umbali wa milimita 1.75. Liva ya Toyota ya manyuo kwa kawaida ni 1.25. Ukilazimisha, nati inakula uzi wa liva, na liva siyo kitu cha shilingi 25,000.

Nikajiona mjanja: si Toyota ni Toyota? Nikachukua nati ya tairi ya gari lile lile. Milimita 12, imetoka kwenye gari hilo hilo, itakataa vipi? Ikakataa. Nati za tairi za Toyota ni 12 kwa 1.5. Lakini nati za tairi za Nissan na Subaru ni 12 kwa 1.25. Yaani nati ya tairi ya Nissan inaingia kwenye liva ya gia ya Toyota kama imezaliwa pale, wakati ya Toyota yenyewe haiingii. Nilipomweleza muuza spea za mtumba alinitazama kama nimekunywa, akanipa moja ya Nissan kwa shilingi 1,000, tukajaribu pale pale barazani kwenye gari. Ikaingia kwa vidole viwili. Akanyamaza.

(Msiwaze kwamba basi itaingia na kwenye liva ya Nissan. Liva ya Nissan kwa kawaida ni milimita 10 kwa 1.25. Ya Honda ni 10 kwa 1.5, na hao ndio wenye bahati, kwa sababu nati ya kawaida ya dukani ya milimita 10 ni hiyo hiyo.)

Usiamini maneno yangu wala ya mtu mwingine, pima. Weka rula kwenye uzi wa liva, hesabu hatua 8. Zikichukua milimita 10, ni 1.25. Zikichukua 12, ni 1.5. Zikichukua 14, ni 1.75. Basi. Na jaribio la mwisho ni vidole: nati sahihi inaingia kwa vidole hadi mwisho bila kugoma. Ikigoma kwenye mzunguko wa pili, itoe.

Kuchonga kwenyewe ni rahisi kuliko mnavyofikiri, mradi ufuate mpangilio mmoja: toboa kwanza, chonga baadaye. Kitu cha duara hakishikiki, hata ukiwa na jiliwa. Mimi nilikata kipande cha mraba cha sentimita 6 hivi, nikatoboa chini tundu la kuingia ile nati nzima, nikahakikisha drili imesimama wima, maana tundu likienda upande na kichwa chako kitakaa upande kama kofia ya mlevi. Baada ya hapo nikakata pembe kwa msumeno, nikaja na tupa, nikamalizia kwa msasa, mnene kwanza kisha laini. Jioni tatu. Hakuna mashine ya kukereza iliyotumika, ni mkono na ile picha ya ugali.

Nati nikaigandisha ndani kwa gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili unayochanganya. Nikaacha usiku mmoja, asubuhi ya Jumamosi nikaifunga kwenye gari. Mama akakishika, akakigeuza-geuza kiganjani, hakusema kitu, akaondoka zake sokoni. Kwa Mama kutosema kitu ni alama A.

Saa nane mchana nikapigiwa simu. Alikuwa anarudi na pumba nyuma, kwenye ule mlima wa kuingia kwetu, akatoa gia ya pili kwenda ya kwanza, akavuta, na kichwa kikamfuata mkononi. Nati imebaki kwenye liva, mbao iko kiganjani. Gari liko katikati, halina gia, lina mzigo, mlimani. Alikanyaga breki, akavuta hendibreki, akabaki amekaa pale mpaka kijana wa bodaboda aliyekuwa nyuma yake akaweka jiwe kwenye tairi. Halafu akaingiza gia ya kwanza kwa kushika ile nati tupu na kanga, akafika nyumbani.

Alinikuta getini. Akanipa ile mbao. "Mwanangu, hiki ulikitengeneza au ulikiazima?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala vizuri, nikawaza yule bodaboda angekuwa mita mbili karibu zaidi, ingekuwaje. Wenzangu mnaobandika vichwa vya gia kwa gundi ya viatu, naomba mliwaze hilo hata kidogo.

Kosa lilikuwa langu, na yalikuwa makosa matatu. La kwanza, nati za tairi nyingi zimepakwa kromu, laini kama kioo. Epoksi inashika vizuri kitu chenye mikwaruzo, kromu inaikataa. La pili, nati ile ilitoka kwenye gari, ina grisi, na mimi niliifuta kwa kitambaa tu. La tatu, baridi. Epoksi hukauka kwa mmenyuko wa kemikali, na mmenyuko huo hupungua kasi sana joto likishuka. Karatasi yake inasema saa 24, lakini wanaongelea chumba chenye joto, si stoo ya Akheri mwezi wa saba. Kwa nje ilikuwa ngumu, ndani bado mbichi.

Mara ya pili nilikwangua kromu yote kwa tupa hadi nikaona chuma, nikachora mifereji mitatu kuizunguka nati ili gundi iwe na pa kung'ang'ania. Nikaiosha kwa thina mara mbili. Nikachokonoa na kuta za tundu kwenye mbao, zisiwe laini. Nikajaza epoksi nzuri, bila mapovu, halafu nikaiweka juu ya jiko, mbali na moshi, kwa siku tatu. Na kwa kuwa sikuiamini tena gundi peke yake, nikatoboa ubavuni, nikapitisha kipande cha msumari kinachoingia kwenye mfereji mmoja wa nati, kikafunikwa kwa gundi. Hata epoksi ikifa yote, msumari unaikataza mbao kupanda juu.

Kabla ya kukirudisha kwenye gari nilikijaribu kwa ukatili. Nilifunga bolti ya 12 kwa 1.25 kwenye jiliwa, nikafunga kichwa juu yake, nikaning'inia. Mimi nina kilo 64. Kilishika. Huo ndio mtihani wangu na sikubali mwingine: kama huwezi kukivuta kwa nguvu zako zote, usimpe mama wa mtu.

Vitu vidogo vilivyobaki ni hivi. Kichwa kikiwa kinazunguka-zunguka kidogo, usikikaze kwa spana, zungushia uzi wa liva tepu nyeupe ya mafundi bomba mizunguko miwili, kitatulia na kitafunguka siku ukitaka. Gari likiwa limezimwa na klachi imekanyagwa, pitia gia zote moja moja uone kama kidole hakigongi redio kwenye ya tatu na ya tano, hasa ukiwa umeongeza urefu. Mbao nilipaka nta ya nyuki tu. Vanishi inateleza mkono ukitoa jasho, na baadaye inabanduka.

Na chora ramani ya gia juu yake, tafadhali. Najua unajua gia zako ziko wapi. Fundi wako hajui, wala jirani atakayekukimbiza hospitali usiku kwa gari lako mwenyewe. Mimi nilitumia msumari uliopashwa kwenye mkaa, moja hadi tano, na R chini ya tano. Namba mbili imetoka kama nyoka, lakini inasomeka.

Wenye IST, Passo na otomatiki nyingine mlioniuliza: nyinyi kaeni kwanza. Kwenye otomatiki nyingi kile kichwa kina kitufe, na ndani yake kuna kijiti kinachofungua kufuli ya kutoka P. Kwingine kuna na waya za kitufe cha O/D. Ukitoa ukaweka mbao, umetoa na kufuli. Hata manyuo kadhaa zina pete ya kunyanyua ili uingie rivasi, hizo nazo usiziguse kabla hujaelewa pete inafanya nini.

Kile cha mwanzo, chembamba chenye raba iliyolika, kiko ndani ya dashibodi kimefungwa kwenye mfuko. Usitupe cha mwanzo kamwe. Cha alumini nilimuuzia mtu wa bweni la pili kwa shilingi 12,000, hasara yangu.

Mama sasa ana miezi minane na hiki cha mbuni. Kidole bado kinauma, mbao siyo dawa, na kliniki anaendelea kwenda. Ila ile kanga imerudi mabegani. Kimeanza kuwa cheusi pale kiganja kinapokaa. Juzi jirani mwenye Fuso aliazima Hilux kupeleka mgonjwa, aliporudisha funguo akaniuliza bei ya kumtengenezea na yeye. Nimemwambia asubiri, uzi wa liva yake sijaupima.